Vueni Turubai



Ndugu zangu Waislamu wa Kasongo na Kabambare, wazee wetu, mama zetu, vijana wetu wa pikipiki, na ninyi majirani zetu Wakristo ambao karatasi hii itawafikia: leo nasema juu ya magari. Siyasemi magari ya serikali, wala ya mashirika, wala yale ya machimbo ya dhahabu kule Namoya. Nalisema gari lako wewe, ulilolinunua kwa jasho la miaka mingi au uliloachiwa na baba yako, ambalo sasa limesimama ndani ya parseli chini ya turubai, na ukiulizwa mbona haliendi, unajibu: "Nalihurumia. Barabara italiua."

Najua unalipenda, na mapenzi hayo siyalaumu. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alivipenda vipando vyake na kuviita kwa majina. Qaswa, ngamia wake jike, alimbeba katika safari ya kuhama Makka kwenda Madina, na akiwa juu ya mgongo wa Qaswa alihutubia watu kule Arafa katika Hija ya kuaga. Alimpenda, akampanda miaka yote hiyo. Wewe mwenye Land Rover ya mzee, wewe mwenye Land Cruiser iliyokuja kwa taabu kutoka Bukavu au Lubumbashi, mapenzi yako yanakuamuru nini? Nami nitakujibu bila kuzunguka: litoe. Liendeshe kila siku, kwa utunzaji na kwa huruma, uwafae watu nalo. Gari lililofichwa katika nchi yetu linaharibika mbele ya macho ya mwenyewe, na haki za watu zinapotea pamoja nalo.

Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Mtume aliwagawa wenye farasi mafungu matatu. Yuko ambaye farasi wake ni thawabu: amemweka kwa ajili ya njia ya Mungu, na kila jani analokula farasi yule malishoni, na kila maji anayokunywa mtoni hata kama mwenyewe hakukusudia kumnywesha, mwenyewe anaandikiwa mema. Yuko ambaye farasi wake ni sitara: anamtumia kujitafutia riziki ili asinyooshe mkono kwa watu, wala hasahau haki ya Mungu iliyo shingoni na mgongoni mwa mnyama yule. Na yuko ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi: amemweka ili aonekane, ajigambe, awaonee wengine. Maswahaba wakauliza: na punda je? Akawajibu kwamba juu ya punda hakuteremshiwa hukumu ya peke yake, ila ile aya ya Sura Az-Zalzala inayokusanya mambo yote, kwamba wema na uovu wa uzito wa chembe vyote vitaonekana.

Gari lako limo ndani ya jibu lile. Basi jiweke mwenyewe katika fungu lako. Linalobeba wagonjwa na maiti na mchele wa wajane ni thawabu. Linalokupa wewe na watoto wako chakula, na nafasi moja ukampa asiye na nauli, ni sitara. Nawe ambaye hulipandi, hulikodishi, hulikopeshi, ila Idi ikifika unalifunua watoto wa mtaa walitazame na ndugu zako wapige picha ubavuni mwake, utasimama wapi siku ile? Zingatia pia kwamba haki iliyotajwa iko mgongoni. Sheria haikutoza zaka gari la matumizi yako, lakini mgongo wake una watu wanaoudai.

Nchi yetu hii, ndugu zangu, ilibebwa juu ya mabega ya watu. Misafara iliyotoka pwani ikapita Tabora na Ujiji, ikavuka ziwa, ilifika Kabambare kwanza ndipo ikaja Kasongo na Nyangwe. Hamed bin Muhammad, tunayemwita Tippu Tip, aliifanya Kasongo kuwa makao yake makubwa, na pembe zote zilizotoka hapa zilikwenda pwani juu ya mabega. Dini yetu ilikuja kwa njia ileile waliyopitishwa watu wenye minyororo shingoni. Hilo tuliseme wazi, na tuwaombee waliokufa njiani. Livingstone alifika Kabambare mwaka 1869, na mwaka uliofuata vidonda vya miguu vikamlaza pale miezi kadhaa hata asiweze kutembea. Jeshi la Mbelgiji Dhanis likaingia Kasongo Aprili 1893, bendera ikabadilika, na mabega yakabaki yaleyale: sasa yakabeba wakubwa wa Kizungu juu ya machela ya kipoyi, na mikono ikachimba barabara kwa majembe. Reli ya Kindu hadi Kongolo ilipofunguliwa mwaka 1911, ilipita ng'ambo ya Lualaba. Mpaka leo mzigo wa Kasongo unaokuja kwa treni lazima uvushwe maji, kisha upate wa kuubeba.

Nani anaubeba? Simameni asubuhi kwenye barabara inayoingia mjini mtazame. Kijana anasukuma baiskeli yenye magunia ya mchele yaliyopita kichwa chake. Pedali haina kazi, maana hakuna anayeipanda. Amefunga mti kwenye usukani ili aiongoze akitembea kando, na mti mwingine nyuma ya kiti wa kusukumia. Penye mteremko anaivuta kwa nyuma isimtoroke, penye mlima anaita mwenzake. Kilomita baada ya kilomita, siku baada ya siku, analala njiani, anakula muhogo mkavu. Mpunga huu walioulima mababu zetu tangu zamani za Waungwana wa misafara ile, unaosifiwa Maniema yote, unatoka shambani juu ya kifua cha mtoto wa watu. Mafuta ya mawese hali kadhalika. Halafu kijana huyo anapita mbele ya parseli yako, anapumzika kivulini mwa ukuta wako, na nyuma ya ukuta ule limesimama gari linaloweza kubeba katika safari moja mzigo wa baiskeli nyingi. Huoni kwamba Mungu amekuonyesha kitu?

Sisemi hivi kwa kusahau tuliyopitia. Hofu yenu naijua ilikotoka. Wazee waliyashuhudia maasi ya 1964, magari yakichukuliwa na kila aliyeshika silaha. Wakaja waasi wa 1996, wakaja wa 1998, na kila jeshi lililopita lilitafuta mambo mawili kwanza: vijana na magari. Kuna watu walivua magurudumu wakayazika, wakatoa batri wakaificha kwa shemeji kijijini, wakaacha gari juu ya matofali lionekane limekufa. Ndiyo akili iliyowaokoa. Na hata leo, ndugu zetu wa upande wa Salamabila hawajapumzika. Huko mwenye gari akisema njia haipitiki, mwamini, usimwite bahili. Lakini wewe wa mjini Kasongo, ambaye barabara ya kwenda hospitali inapitika leo, na ya sokoni inapitika, na ya Kasongo-Rive kwenye mto inapitika, bado unaishi chini ya amri ya jeshi lililoondoka zamani. Matofali yale yalikuwa dawa ya siku ile. Ugonjwa umepita, wewe bado unakunywa.

Sasa njooni tufunue turubai moja, tutazame kwa macho kile mnachokiita kutunza.

Mkono ukiingia chini ya turubai unakutana na joto na unyevu, kwa sababu turubai linazuia mvua ya juu na kushika mvuke unaotoka ardhini. Matairi yamelalia upande mmoja, na ubavuni yamepasuka mistari myembamba unayoweza kuingiza ukucha. Funua boneti. Kwenye vichwa vya batri umeota unga mweupe na wa kijani. Batri iliyokaa inajimaliza yenyewe, na ikikaa tupu sahani zake za ndani zinaganda hata chaji haishiki tena. Chujio la hewa limekuwa nyumba ya panya: wamelala humo, wamezaa humo, na nyaya wamezitafuna. Nyigu wamejenga kwa udongo ndani ya bomba la moshi. Fungua tangi la mazuti: maji ya mvuke yamekusanyika chini, na juu yake umejifanya utando mweusi wa kuteleza utakaoziba chujio siku utakapowasha. Likiwa gari la esanse ni vibaya zaidi, maana esanse ya miezi imeoza, inanuka kama rangi ya mbao, imeacha gundi ndani ya kabureta. Mafuta ya breki yamekunywa unyevu wa hewa, na pistoni za breki zimeshikwa na kutu. Ndani ya injini yenyewe, mahali pasipoonekana, mafuta yamekwisha kushuka kutoka kuta za silinda yakaziacha uchi, na kutu imeanza kushika ringi. Raba zinazozuia mafuta yasivuje, ambazo kazi ndiyo inayozilainisha, zimekauka.

Hakuna mtu aliyeliendesha. Hakuna barabara iliyoligonga. Limefanywa hivi na kivuli na mvua za tangu mwezi wa kumi mpaka wa tano, na wewe ukiwa kibarazani umekaa na moyo mtulivu ukidhani unalihifadhi. Waulizeni Wagenya wa Lualaba: mtumbwi wanaouweka majini kila siku hudumu miaka, ule unaopandishwa ufukweni ukaachwa na jua la kiangazi hupasuka.

Wako wanaosema: mimi huliwasha kila Jumapili. Nimewaona. Anawasha dakika tano pale pale, anasikiliza mlio kwa furaha, anazima, anafunika. Ndugu yangu, injini iliyowashwa ikazimwa kabla ya kupata joto lake inajitengenezea maji ndani ya mafuta yake na ndani ya bomba la moshi, na maji hayo hayatoki. Batri umeinyang'anya nguvu ya kuwashia, hukuirudishia. Breki hazikusogea. Tairi halikuzunguka. Gari linataka njia, lipate joto kamili na kulishika muda wa kutosha, lipande, lishuke, lipigwe breki, ligeuzwe. Kazi ya kila siku iliyo ya kadiri ndiyo dawa yake, na dawa hiyo inakuletea nauli mkononi.

Mtaniambia Wazungu wanahifadhi magari ya zamani hata miaka mia. Ni kweli, nao wana nyumba kavu, mitambo ya kunyonya unyevu, mafundi wanaolipwa kila mwezi kuyagusa, na wengi wao bado huyatoa siku za jua wayaendeshe. Dar es Salaam katika Makumbusho ya Taifa yamewekwa magari ya viongozi, pamoja na aliyoyatumia Mwalimu Julius Nyerere, na wamefanya vizuri, kwa sababu watoto wa shule wanakwenda pale kujifunza habari za nchi yao. Magari yale yalimaliza kazi kwanza. Gari lako lina historia gani ambayo limekwisha kuitenda, hata lipumzike? Wako wapi watoto wa shule wanaokuja kusomea chini ya turubai lako?

Mwenye Land Rover ya zamani ana hoja yake, nami naiheshimu: halitengenezwi tena. Ni sawa. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza Amsterdam mwaka 1948, na kiwanda cha Solihull kule Uingereza kilitoa la mwisho la ukoo ule Januari 2016. Lakini mzee wangu, waliolibuni walilibuni kwa ajili ya wakulima. Vita vilikuwa vimekwisha, chuma kilikuwa haba, wakalivika bodi ya aluminiamu na kulituma mashambani likavute na kubeba katika tope. Lilizaliwa kwa ajili ya tope! Na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zilianza kuuzwa mwaka 1984, nazo zinatengenezwa mpaka leo. Vipuri vyake vinakuja, ghali lakini vinakuja. Lipi unaloliogopa? Kwamba litachakaa? Litachakaa! Na wewe utachakaa, na mimi.

Hata hivyo barabara yetu ni mbaya, na mtu asije akasema mhubiri huyu haijui. Kati ya Kasongo na Kabambare, masika yakikaza, kuna mahali gari linazama hadi milango, na watu wa kijiji wanangoja na majembe na bei mkononi. Daraja la magogo leo liko, kesho mto umelichukua. Kwa hiyo amri yangu ya kutumia ina masharti, na masharti hayo nayatoa katika dini, sikuyatunga.

Abu Daud amepokea kwamba Mtume aliingia katika bustani ya mtu mmoja wa Ansari, akamkuta ngamia. Ngamia yule alipomwona alilia na macho yakamtiririka machozi. Mtume akamwendea, akampangusa nyuma ya masikio mpaka akanyamaza, kisha akauliza mwenyewe ni nani. Kijana mmoja akajitokeza. Mtume akamwonya amche Mungu juu ya mnyama aliyemilikishwa, kwa kuwa mnyama yule alikuwa amemshitakia kwamba bwana wake anamshindisha njaa na kumchosha.

Basi wenye kutumia magari, nanyi sikilizeni, maana kosa lenu ni la upande wa pili. Mmejaza magunia mpaka majani ya springi yamepinda kinyume, kisha juu ya magunia mkapandisha watu, juu ya watu mkafunga kuku na mabidoni ya mawese, halafu mkaomba dua. Mnaendesha na mafuta meusi kama lami kwa sababu pesa ya mafuta mapya mmeila. Breki mnazifunga upande mmoja. Hilo si kutumia, hilo ni kumlaza ngamia njaa na kumchosha, na siku likipinduka bondeni roho za watu zitakuwa shingoni mwenu. Anayelipenda gari lake anaamka kabla ya alfajiri au mara baada ya kuswali, anapima maji na mafuta injini ikiwa baridi, anapiga tairi teke na kulitazama, anatazama chini kama limevuja. Wakati wa kiangazi, vumbi likiwa jekundu hewani, anasafisha chujio la hewa kila mara. Masika anaosha tope chini ya chesisi, kwa maana tope bichi likikaa huko huleta kutu kama turubai lenyewe. Njia ya mbali anaiwekea miezi ya ukavu, wa sita mpaka wa nane. Mvua zikija analishughulisha karibu na mji, kwenda sokoni, mtoni, hospitalini, shambani. Anashika gia ndogo penye tope wala hapigani nalo. Mzigo anausimamisha pale fundi alipomwambia, hata tajiri akiongeza pesa.

Na njia yenyewe tuifanyie salongo, kazi ya pamoja. Wenye magari wengi mnangoja serikali, na serikali ina haki ya kudaiwa. Sayyidna Omar amesimuliwa akiogopa kuulizwa na Mungu juu ya mnyama atakayejikwaa Iraki kwa sababu hakumsawazishia njia, na kila anayeshika cheo katika jimbo letu, na kila anayeweka kizuizi na kutoza pesa za njia, aisikie hofu ile. Lakini mfereji wa maji kando ya kilima cha kijiji chako unachimbwa kwa siku moja na watu wenye majembe, na maji yakipata pa kupita barabara inakaa. Gari linalopita kila siku ndilo linalowakumbusha watu kuichimba. Njia isiyopitwa majani yanaila, kisha mti unaanguka hapo, kisha watu wanasema zamani hapa palikuwa na njia.

Sasa nawageukia wenye magari ya urithi, na hapa nasema kwa upole kwa kuwa kuna machozi ndani yake. Marehemu aliliacha gari. Watoto wadogo, mjane yuko, na baba mdogo amesema gari la marehemu lisiguswe, ni kumbukumbu. Baba mdogo, hebu sikiliza. Imam Malik katika Muwatta amepokea kutoka kwa Omar agizo kwamba mali ya mayatima ifanyiwe biashara ili zaka isiimalize. Ikiwa zaka, ambayo ni ibada, hatukuachiwa iimalize mali ya yatima nasi tumekaa, itakuwaje kutu? Itakuwaje panya? Kaa na mjane, kaa na mashahidi wawili, mwandike. Mchague shofere mwaminifu, mwandike kila siku kilichoingia na kilichonunua mazuti na kilichowekwa akiba ya matairi, na kinachobaki kilipe ada ya shule ya wale watoto. Mkiona hamwezi kuliendesha, liuzeni lingali na thamani, mnunue kitu kingine kwa jina la mayatima. Kumbukumbu ya baba yao ni wao wenyewe, wakisoma na kuvaa na kushiba. Akija mtu miaka kumi baadaye akawaonyesha chuma kilichoshikana na ardhi, mgomba umeota pale palipokuwa na injini, akawaambia hili ndilo alilowaachia baba yenu, watakushukuru?

Na mama zetu, nimewaweka mwisho ili wanaume wasome mpaka hapa. Mwanamke ameshikwa na uchungu usiku kijijini, mtoto amekaa vibaya, mkunga amesema ni lazima hospitali. Wanatafuta miti miwili na blanketi, wanatengeneza kipoyi. Wanaume wanne wanabeba, wanne wanafuata kupokezana, mtu wa mbele na tochi. Au wanampakia kwenye pikipiki, katikati ya motari na mama mkwe, tumbo likigonga kila shimo. Ninyi nyote mnayajua haya, kwa kuwa kila ukoo hapa una kaburi lake la namna hiyo. Na nyote mnajua ni parseli ipi mwenye gari anasikia mlango ukipigwa, anaitika kutoka kitandani kwamba gari ni bovu. Nalo kweli limekuwa bovu, kwa kukaa.

Usiku mmoja Madina ilishtuka, watu walisikia kishindo wakaogopa adui.  Mtume akaazima farasi wa Abu Talha, farasi aliyeitwa Mandub, akampanda bila tandiko, akatoka peke yake kwenda kulikotoka sauti, akarudi akiwatuliza watu kwamba hakuna kitu, na akamsifu farasi yule kwa mbio zake. Farasi yule alikuwa anajulikana kuwa mzito. Abu Talha hakusema ni mzito, hakusema namhifadhi, hakusema nenda kwa jirani. Kwa sababu farasi alikuwa hai na miguu yake imezoea kazi, usiku ule alifaa. Soma Sura Al-Maun uone walivyokemewa watu wanaoswali kisha wanazuia hata vyombo vidogo vya kusaidiana. Nawe umezuia kitu kikubwa.

Kuna anayeshindwa moyoni, anasema gari langu la kwanza, sitapata tena jingine, sitaki kuliona linazeeka. Adhba, ngamia wa Mtume, alikuwa hashindwi mbio. Akaja Mbedui juu ya ngamia kijana akamshinda, Waislamu wakaumia sana. Mtume akawafahamisha kwamba Mungu amejiwekea haki hiyo, hakipandi kitu cha dunia ila atakishusha. Aliendelea kumpanda. Hakumficha Adhba asishindwe mara ya pili. Gari lako litapata mkwaruzo wa kwanza, utauma. Litapata wa pili. Milango italia, kiti cha shofere kitatoboka, na kila alama utajua imetoka safari gani na ilimbeba nani. Litakapofika mahali fundi amesema basi, kiuze kila kipande kinachoweza kuliamsha gari la mwenzako.

Basi tufanye hivi. Ijumaa inayofuata baada ya swala, kila msikiti wa Kasongo na wa Kabambare uandike daftari la magari ya mtaa wake, yanayokwenda na yasiyokwenda, pamoja na jina la mwenyewe na la shofere. Ndugu zetu wa parokia wakitaka kuandika yao tuungane, wagonjwa ni wetu sote. Namba za simu za wenye magari zipewe wakunga wa kila kijiji. Pawe na sanduku la mazuti ya dharura, kila mfanyabiashara wa mchele aweke kadiri yake, mwenye gari akitoka usiku asiulize nani atalipa. Anayelikodisha gari lake mchana apokee malipo yake halali bila haya. Na wenye magari yasiyowaka waandikwe wa kwanza, mafundi wetu wapite kwao kuanzia Jumamosi na vijana wanaojifunza kazi, waanze na batri, tangi na breki.